Pembe la Mzee Zefania

Suji, 4 Juni 1989

Mwanangu Ernesta,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikishuka mtoni. Wewe na ukarani wako huko kambi ya mkonge mnaendeleaje? Unakula?

Huku tuna mchezo wa kuigiza. Afisa utamaduni, Ndugu Daudi, amepanda kutoka Same, anasema waigizaji ni sisi wenyewe, na kila mtu asimulie jambo la kweli lililompata. Mama Rodrick anasimulia alivyoolewa amevaa gauni la pazia. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mimi nataka kusimulia la sabuni. Mzee Zefania anazidi kuzeeka, na sitaki azikwe na jina la ulevi.

Mama yako.

Kambi ya Mkonge, 15 Juni 1989

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na kula nakula. Pole na goti.

La sabuni naomba uliache, Mama. Miaka mitano imepita. Watu watasema nilisomeshwa kwa wizi, na habari za huko zinashuka hapa kambini kabla ya basi. Simulia ulivyopambana na nyani shambani.

Mwanao, Ernesta.

Suji, 2 Julai 1989

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, baridi tu.

Unasema wizi. Mwaka ule shule ilitaka uende na miche miwili ya sabuni, na sabuni ilikuwa haionekani Same nzima. Nikanong'onezwa kwamba duka la kijiji limepata katoni moja. Foleni ya Suji unaijua. Ukungu ulikuwa mzito, pembe la kuitia watu kwenye msaragambo linaning'inia barazani kwa Mzee Zefania, mwenyewe yuko bondeni kwenye maharage. Nikalipiga. Kijiji kizima kikapanda na majembe kwenda kazi ya pamoja kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, mimi nikashuka dukani peke yangu.

Sabuni nililipia, Ernesta. Nilichoiba ni foleni.

Lakini Mzee Zefania naye alisikia pembe lake, akakimbia juu kuuliza nani kalipiga. Alifika anahema, anayumba kwa kuchoka, wakasema amelewa, kalipiga mwenyewe akasahau. Mzee wa kanisa! Wakamnyang'anya pembe. Tangu hapo analipiga Eliezeri, na linatoka kama ng'ombe anakohoa.

Nitasimulia. Usiponiandikia nitaelewa.

Mama yako.

Suji, 20 Agosti 1989

Mwanangu Ernesta,

Natumaini u mzima, maana wiki saba sijaona barua yako. Nami sikungoja.

Tulicheza Jumatano, uwanja wa shule. Nilijiigiza mwenyewe, nikapuliza chupa badala ya pembe. Watu walicheka mpaka nilipofika mwisho. Nikamwomba Mzee Zefania radhi mbele ya wote. Akasimama na mkongojo wake, akaniuliza siku ile nani hakufika ndiva. Nikajibu, mimi peke yangu.

"Basi ulikosa msaragambo," akasema. "Faini yako ni siku moja ya jembe, na hujailipa."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Eliezeri alikwenda kulileta pembe mwenyewe, nadhani alikuwa amelichoka. Mzee alilifuta kwa shati, akalipiga. Ernesta, lilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Nililia, na sikuona aibu.

Kisha akauliza, "Na aliyeogea ile sabuni?" Wakasema naye ana siku yake.

Mama yako.

Kambi ya Mkonge, 28 Agosti 1989

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje?

Nilinyamaza kwa aibu, si kwa hasira. Bwenini mimi peke yangu ndiye niliyefika na miche miwili. Niliwakatia wenzangu vipande kwa uzi, wakanipenda, na sikuwahi kukuuliza ulichofanya siku ile mpaka ukaipata. Niliogopa jibu. Habari yako kweli imefika hapa kabla ya basi, na makarani wote wanataka kukuona.

Nimepewa ruhusa, nitafika Jumapili. Namletea Mzee Zefania miche miwili. Siku hizi imejaa madukani mpaka nje, hata foleni hakuna. Niazimie jembe, na lako litie mpini vizuri.

Mwambie alipige pembe Jumatatu asubuhi. Safari hii tutafika wote.

Mwanao, Ernesta.