Safi, Afande

Jumanne, baada ya magharibi

Nimewaharibia utafiti wao, na sijui kama nitapata uso wa kurudi kusema.

Kule hospitali ya wastaafu wa jeshi wanachunguza usingizi wetu, sisi tuliopigana vita. Nilijiandaa. Njia nzima kutoka Buzebazeba nilipanga maneno: naota, napiga kelele, naamka nimeukaba mto wa kulalia.

Kumbe daktari ni kapteni, kavaa gwanda. Binti mdogo kuliko Editha wangu.

"Shikamoo, Mzee."

Badala ya marahaba, nikapiga saluti. Na magoti haya mabovu!

"Kaa, Mzee. Usingizi unapata?"

"Safi, afande!"

"Ndoto mbaya?"

"Hakuna, afande!"

Koplo gani amlalamikie kapteni? Mzee Bakari wa Mwandiga, aliyenitangulia, naye kasema safi. Wataandika kwamba askari wa Kigoma tunalala kama watoto wachanga. Upuuzi mtupu, na tumeufanya wenyewe.

Mama Editha alikuwa hanigusi nikiota. Alijua mikono yangu. Alisimama mbali, akanigonga unyayo kwa mwiko wa ugali mpaka niamke, kisha akasema, "Vita viliisha, baba." Tangu tumzike naamshwa na ukuta, vidole vikiwa vimechubuka.

Swali la mwisho ndilo linaloniuma. "Na siku ukiweweseka, Mzee, nyumbani yupo wa kukuamsha?"

"Mke wangu, afande."

Akaandika.

Mwiko upo palepale alipouacha, nyuma ya mlango.