Nimefaulu, Binti Yangu Kafeli, Nami Najifungia Bafuni Kucheza

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie haraka maana nitapasuka.

Mimi ni baba wa miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha sabuni nimeitwa Mhasibu, mlinzi getini Mhasibu, mama watoto jikoni Mhasibu, hata mama mkwe, mpaka miaka miwili iliyopita ikaja sheria kwamba asiyefaulu mitihani ya bodi ya wahasibu asijiite hivyo, fundi akaja na bisibisi akang'oa kibao mlangoni kwangu, nikawa karani wa hesabu, na binti yangu, ambaye anasomea kazi hii hii na ana ulimi huyo, akaanza kuniita Karani, "Karani, chai yako inapoa!", nikawa nacheka lakini inaniuma, basi nikajiandikisha na mimi, na yeye ndiye aliyenifundisha, kila Jumamosi kwenye meza ya jikoni, mimi niliyezoea daftari kubwa, rula na wino mwekundu, akanigombeza mpaka nikaelewa viwango vipya na maadili ya kazi, tukaingia chumba kimoja cha mtihani. Wiki iliyopita bodi ikatutumia ujumbe wa matokeo, kila mtu kwenye simu yake. Nimefaulu! Yeye kafeli somo moja, ukaguzi, akalia mchana kutwa.

Nikamwambia yangu hayajatoka. Tangu hapo najifungia bafuni, nafungulia bomba, nacheza na taulo, mshauri, kiuno chote! Nikitoka nakunja uso. Jana binti kagonga mlango, "Mhasibu, umezama humo?", nikasingizia tumbo. Ijumaa tuliofaulu tunaapishwa, na joho liko chini ya godoro. Nimwambieje bila kumvunja moyo?

Ni mimi, Baba wa Bafuni

*

Baba wa Bafuni, hongera, tena hongera! Nimeruka hapa ofisini mpaka mwenzangu kamwaga chai.

Sasa kaa nikugombeze. Umefaulu mtihani wa maadili, na kazi yako ya kwanza ikawa kumdanganya mwalimu wako. Huoni aibu? Tena uongo wenyewe mbovu. Bodi hubandika orodha ya waliofaulu ukutani, na aliyefeli huisoma hata mara tatu, labda macho yamemdanganya. Jina la ukoo wenu ni moja. Alipolitafuta lake, unadhani lako hakuliona? Kafeli ukaguzi, lakini wewe kakukagua vizuri sana.

Analia kwa ajili ya somo lake, hakuonei wivu. Kinachomuumiza sasa ni kungoja umwambie. Kwa hiyo funga bomba, toa joho hilo chini ya godoro, mpe alipige pasi, na mshukuru kwa sauti mama yake asikie. Ijumaa akae mstari wa mbele. Jumamosi rudini mezani na kitabu cha ukaguzi, safari hii wewe ndiye ugombeze.

Na kama bado unaogopa, soma tena barua yako. Miaka miwili binti yako alikuita Karani. Jana, pale mlangoni, alikuita nani?