Nilimwambia Julieth Apumzike

Cheyo, Tabora

Dada yangu Vestina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua za huko Ulyankulu hazijaharibu tumbaku. Mimi mwili hauna shida. Macho ni yale yale.

Barua hii nimeichapa mwenyewe, hakuna aliyenisomea hata mstari. Natanguliza hilo kwa sababu nilipopofuka ni wewe uliyesema nifunge kibanda changu cha kuchapa, nirudi nyumbani nikalishwe. Sijasahau, Dada. Kibanda kiko wazi na wateja ninao.

Unajua tulivyokuwa tukifanya: mimi nachapa, mke wangu Julieth anakaa pembeni ananisomea kilichoko kwenye skrini. Sasa kuna mfumo wa kompyuta uitwao Linux, wa bure, wenye programu inayosoma skrini kwa sauti. Fundi Hilari alinitilia kwenye flashi, akanitania kwamba kompyuta ya kipofu ni redio tu, na kwamba nitamwita kabla jua halijazama. Sikumwita.

Nilisubiri Julieth aende mazoezi ya kwaya, nipate kumshangaza. Unachomeka flashi, unawasha kompyuta, unasikiliza mlio mfupi, unabonyeza herufi s, kisha kitufe cha Enter, na mfumo unaanza kujiweka. Mara ya kwanza, kimya. Nikajua Hilari atanitangaza mji mzima. Kumbe waya wa spika umechomoka. Nikaanza upya, sauti ikaja. Ikauliza lugha, ikauliza nchi, ikauliza kama kweli nafuta diski yote, nami nikajibu swali baada ya swali kwa vidole vyangu. Robo tatu ya wenye macho wangekwamia njiani. Kiswahili chake ni cha mgeni aliyeshuka treni leo, ila herufi haikosei.

Julieth aliporudi alikuta mashine inasoma barua ya mteja. Nikamwambia kwa majivuno kwamba sasa apumzike, sihitaji tena kusomewa. Aliuliza tu kama nimekula. Siku chache baadaye akaaga kwamba anakwenda Nzega kumwona mama yake.

Majirani nimewaambia mama mkwe anaumwa, na wewe ulipopiga simu nilikwambia hivyo hivyo. Si kweli, Dada. Mama mkwe ni mzima kabisa. Julieth amerudi kwao. Aliniambia kwenye simu kwamba zamani alikuwa akiijua kazi yake katika nyumba hii, na sasa haijui.

Mashine inasoma yote bila kuruka. Julieth alikuwa akifika katikati anasimama, anasema huyu mzee anamdanganya mwanawe, tunacheka, ndipo anaendelea. Siku hizi kazi ya kutwa naimaliza saa sita mchana, halafu nakaa. Jioni naiacha isome chochote, ili nyumba isinyamaze.

Kumfuata mke kwao si jambo la mume peke yake. Anatakiwa mtu mzima wa upande wetu, na mkubwa wangu ni wewe. Basi la Nzega nitapanda mwenyewe, njia usiniwazie. Ninachoomba ni uje ukae nami mbele ya wakwe, na nikianza kuwaeleza habari za mashine, unifinye.

Msalimie shemeji, na Irakoze mwambie mjomba wake anamkumbuka. Nangoja neno lako.

Mdogo wako,
Egidi Manirambona