Ndoo ya Vidagaa Mlangoni

Nyumbani, chumba cha matangi,
Jumapili, tarehe 14, saa nane mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hali yako? Presha imetulia, au bado inakusumbua ukipanda ngazi? Na jicho walilolipasua, wamekufungua bandeji? Nimesikia daktari amekukataza kusoma kwa mwezi mzima, kwa hiyo najua kwamba sauti inayokusomea maneno haya ni ya kaka. Kesho asubuhi nitampa bahasha hii aje nayo kwako. Nitaifunga kwa gundi na kuipigilia pini juu yake, maana namjua, angeifungua njiani akashuka kituo cha kwanza.

Kaka, soma yote. Shangazi, ukimsikia anakohoakohoa ujue anaruka mistari. Mpige kibao.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nimechoka kama kitambaa cha kupigia deki. Pampu ya hewa ya tangi kubwa iliharibika mwezi jana, basi kila baada ya muda nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Nikikaa tu, vidagaa wanapanda juu kupigapiga midomo, nami nainuka tena. Vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee.

Ulipokuja kwenye msiba wa baba matangi tulikuwa tumeyafunika mashuka, hukuona kazi yenyewe, ngoja nikueleze. Vidagaa hawa si wa kula. Tunawauza wazima kwa wavuvi wa ndoano, wanaowatumia kuvutia samaki wakubwa. Akishakufa hana kazi. Kaka ndiye anayewanasa kijitoni. Anakata chupa kubwa ya plastiki shingoni, anaigeuza ile shingo iingie ndani, anatia makombo ya mkate, kisha anaizamisha penye kivuli. Wanaingia wenyewe, kutoka hawajui.

Mimi kazi yangu ni kuwaweka hai. Siwalishi sana, maana wakishiba wanachafua maji. Aliyekufa namtoa kabla hajaoza. Na vidagaa wageni hawamwagwi hivi hivi, ndoo inaelea kwanza ndani ya tangi, unaongeza maji kikombe kimoja kimoja, mpaka mkono ushindwe kutofautisha maji ya ndoo na ya tangi. Kidagaa hawezi kubadilishiwa maji ghafla. Baba alitufundisha hivyo sote wawili, na kwa kelele nyingi.

Sasa sikia tunavyofanya kazi, Shangazi, na usicheke. Kaka anaweka ndoo mlangoni, anagonga mara mbili, anaondoka. Mimi nangoja mpaka hatua zake zifike mbali ndipo nafungua. Ndoo tupu narudisha hapo hapo. Chakula nakipakua na kukifunika, anakuja anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani kwake. Miaka miwili sasa, tangu msiba, hatujasemeshana hata kwa bahati mbaya. Mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku zote, anasema katika nyumba hii vidagaa ndio wenye maneno.

Jumanne ikatufika. Kijito kimepungua, penye kivuli pamebaki tope, kwa hiyo kaka aliwanasa kwenye dimbwi la juani. Maji ya ndoo yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Hakuniambia. Angeniambia vipi? Nami siku hiyo nilijisemea leo kikombe sishiki, nimechoka hoi, nikaimimina ndoo nzima bila hata kutia kidole. Kufika alasiri wageni wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Sijamaliza kuwatoa maji yakaharibika, wenyeji nao wakaanza kufa.

Mwalimu akaja kuchukua chambo chake. Akachungulia tangi, akauliza ni nani amefanya haya. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na ndoo nyingine. Jibu nilikuwa nalo, Shangazi. Akajibu yeye, akimtazama mwalimu wala si mimi:

"Ni mimi, mwalimu. Maji yalikuwa ya moto na sikumwambia."

Sauti yake niliikuta imekuwa nzito kama ya baba. Mara ya kwanza kuisikia baada ya miaka miwili, na ilikuwa inabeba kosa langu. Kisha akapiga magoti akaanza kuwaokota wale wafu kwa mkono, mmoja mmoja, akiwaweka kwenye beseni. Mimi nilijitia kukung'uta chujio. Asubuhi yake nilikuta karatasi ndani ya ndoo tupu: anakwenda kwa Shangazi, nitafute mtu mwingine wa kijitoni.

Ningependa kusema nimeandika kwa ajili ya vidagaa. Wala. Nimeandika kwa sababu hiyo ilikuwa mara ya pili namwachia mzigo wangu, na akiondoka kesho bila kuujua ukweli wa ile ya kwanza, ataishi nao hivyo hivyo mpaka azeeke.

Unakumbuka siku ya msiba. Mbele ya ukoo mzima nilimnyooshea kidole. Nilipayuka kwamba baba amekata roho akimwita mwanawe wa kiume, na mwanawe yuko kijitoni anabembeleza samaki. Nyote mlimgeukia. Baba mdogo alikataa kumpa mkono. Nawe, Shangazi, nisamehe nikikukumbusha, ulimwambia akae mbali na jeneza.

Kaka, hapa vuta pumzi, kisha usome kwa sauti ili Shangazi asikie vizuri. Baba hakukuita. Nilisema uongo.

Nilikuwa nyuma ya mlango nakunja mashuka alipokutuma. Nilisikia anakuambia nenda, kesho wateja wasikose chambo, mimi leo sijambo. Nilisikia unakataa. Nilisikia anakufokea kidogo, kisha anacheka. Kutumwa ulijua umetumwa, ila uliponisikia nikipiga kelele ukaamini kwamba baadaye alibadili mawazo, akakuita, nawe hukuwepo. Ndiyo maana hukujitetea. Ungesema neno moja tu ningeumbuka pale pale, na hukusema.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nilibaki naye peke yangu, pumzi ikimkatika, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, na wa kwanza kuingia mlangoni ulikuwa wewe, umelowa hadi magotini. Sababu nyingine sina. Baadaye kila nilipojaribu kukuambia niliishia kuisemesha ndoo. Naona haya, kaka.

Sikuombi urudi. Kaa kwa Shangazi, umpikie, umpeleke kliniki, upumzike na wewe. Matangi nitayakausha kesho ukishaondoka, na wachache waliopona nitawarudisha kijitoni. Wiki ijayo naanza kazi kwa dobi wa mtaa wa nyuma. Angalau mashati hayafi.

Limebaki moja, na hili ndilo nililolificha kuliko yote. Baba alipokuwa anaondoka alinishika mkono, akaniuliza kama umepata ndoo nzima. Nilimwambia umepata. Akasema, "Nilijua tu, yule hakosi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani. Yalikuwa yako, nami nimeyakalia miaka miwili.

Shangazi, nisalimie baba mdogo na mkewe, pacha wao, na wifi yako wa ghorofa ya chini. Wakusanye sebuleni, kisha barua hii isomwe upya mbele yao, na safari hii asisome kaka. Yeye mpe kiti akae asikilize. Baba mdogo akishasikia, ampe ule mkono.

Mungu akurudishie jicho lako zima, na kaka ampe usingizi.

Ni mimi ninayewapenda nyote wawili,
binti wa kaka yako,
Chiriku.