Kuni Zilizopangwa Magome Juu

Ijumaa, saa kumi jioni. Mvua.

Si ile ya kunyesha ikaisha. Ni hii yetu ya Tukuyu, nyembamba, ya siku nzima, inayoingia mpaka kwenye kabati la unga. Mlima hauonekani tangu juzi. Sweta langu nimelitundika juu ya jiko, na miguu yangu bado ina matope ya migombani. Nitafika kwenye matope hayo.

Kwanza niungame. Karibu wiki tatu sasa nimekuwa mtu wa kushuku watu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: ninatunza nyumba ya zamani, barabara ya kwenda Masoko. Aliijenga Mjerumani mmoja aliyekuwa na shamba la kahawa. Ni ya mawe meusi, na kuta zake ni nene hivi kwamba unaweza kukaa dirishani kama kwenye benchi. Upande wa mashariki umefanywa apatimenti ya wageni wa mapumziko: vyumba viwili, jiko, na sebule yenye sehemu ya kuwashia moto ukutani. Mume wangu, Asajile, aliitunza miaka kumi na mmoja. Alifariki miezi mitano iliyopita. Bosi, ambaye anaishi Mbeya, akanipa kazi yake na kuniachia chumba chetu cha uani. Nikipoteza kazi napoteza na chumba, na ndani ya chumba hicho kuna msumari anaotundikia kofia Asajile.

Kofia bado ipo. Nimeandika "anaotundikia". Niiache hivyo hivyo.

Ilianza na kuni. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nashuka mjini kununua mkate, mboga na sabuni. Jumanne moja nikarudi nikakuta kuni nilizoziacha zimezagaa zimepasuliwa, zimepangwa ukutani, magome juu. Gome likiwa juu maji yanateleza na kuni inabaki kavu. Asajile alizipanga hivyo. Mimi husahau.

Ijumaa yake, gata la nyuma, la maji ya paa, lilikuwa limezibuliwa. Jumanne iliyofuata, dirisha la chumba kikubwa, linalogonga kila upepo ukishuka mlimani, lilikuwa kimya. Nikasogea. Kwenye fremu, kwa ndani, palikuwa na kabari ya jani kavu la mgomba, limekunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi wa mgomba huo huo.

Nilikaa kwenye kitanda cha wageni, jambo ambalo siruhusiwi. Mtu pekee niliyewahi kumwona akitengeneza kabari ya namna ile tulikuwa tumemzika.

Lakini marehemu hawapasui kuni. Na mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Basi kuna mtu ana ufunguo.

Hapa niungame tena. Funguo za apatimenti ni mbili. Baada ya msiba niliutafuta wa Asajile kila mahali, nikaukosa. Bosi alipouliza, nikasema zote ninazo. Niliogopa ataniona siwezi kazi. Tangu siku hiyo, kijiko kikipotea mle ndani, mwizi ni mimi.

Nikaanza na Gwakisa, mlinzi wa usiku. Asubuhi huondoka na mfuko mkubwa wa plastiki, nikawa naukodolea macho. Wiki nzima sikumpa chai. Halafu nikamhamia bosi. Nilijiambia anamtuma mtu kimya kimya anijaribu, kwa sababu hata msibani nilisikia mtu akisema kazi hii inataka mwanaume. Nikahesabu mashuka, vikombe, hata vishikizo vya mapazia. Hakuna kilichopungua.

Nilimweleza Mama Neema, anayetuletea maziwa. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

"Shoga, huyo ni mchumba! Wenzio wanaletewa khanga, wewe unapasuliwa kuni."

"Mama Neema, mimi naogopa, wewe unatania."

"Mwizi gani anakuja kuongeza vitu? Akimaliza hapa mwelekeze kwangu, paa linavuja."

Sikucheka. Nilipoingia ndani nikajiuliza kwa nini yeye hana wasiwasi. Ndivyo nilivyokuwa nimefika.

Jumatano wiki hii waliondoka wageni wawili, mwalimu na mkewe kutoka Dodoma. Kwenye kitabu cha wageni mwalimu aliandika: "Asanteni kwa usafi na maziwa. Mfikishieni salamu mzee aliyekuja jana kurekebisha bawaba ya kabati. Alipiga hodi kwa adabu, hakutaka soda, hakutaka hata kukaa."

Mzee gani? Hapa hakuna mzee.

Jioni ile ile bosi akapiga. Mwalimu alikuwa amemshukuru kwenye simu.

"Dada Atu, huyo mzee ni nani?"

"Simjui, bosi."

"Humjui, na anaingia nyumbani kwangu? Jumamosi saa nne nakuja na fundi, nabadilisha kitasa. Na huyo mzee nikimpata, atakwenda kujieleza polisi."

Kwa hiyo leo nimemtega.

Nilichukua kikapu, nikafunga mlango, nikatoka getini kama kawaida. Nikazunguka kwa nyuma, nikaingia migombani, nikachuchumaa mahali ninapouona mlango wa jikoni. Simu mkononi, tayari kumpiga picha.

Nikaona mwavuli kwanza. Mweusi, mpini wake wa zamani ulishavunjika, ukawekwa mwingine wa kuchonga kwa mpera. Mwavuli huo nimeuona mara nyingi, kila mara kwa mbali, kila mara nikigeuka.

Ni baba mkwe.

Nieleze kwa wasio wa huku. Kwetu, kwa desturi ya zamani, mke hamtazami baba wa mumewe usoni, wala hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia shambani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, wanapeana mikono kama kawaida. Sisi wawili hatukuacha. Si uadui, ni heshima. Miaka kumi na mitano ya ndoa, na sura yake siijui vizuri. Jina lake silitaji hata hapa.

Yeye ndiye alikuwa seremala wa nyumba hii kabla ya Asajile. Kabari na magome alimfundisha yeye. Na siku ya kuanua matanga, koti la Asajile alipewa yeye. Nililikunja kwa mikono yangu. Mifuko sikuigusa.

Nilishuku kila mtu, isipokuwa yule nisiyeruhusiwa kumtazama.

Niligeuka haraka, nikaipa nyumba mgongo. Nikakaa hivyo kwenye matope, mvua ikinidondokea kutoka kwenye majani, simu nimeilaza kifudifudi magotini. Nikasikia randa. Mlango wa jikoni huvimba wakati wa mvua, alikuwa anaupunguza. Randa ikanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Ndani ya jikoni pana kigoda ambacho Asajile alikuwa anakalia akinywa chai.

Halafu akatoka, akakohoa. Mara mbili.

Ni kikohozi kile kile anachokohoa kila anapokaribia kona ya njia, ili nipate nafasi ya kujitenga. Ila leo alikohoa akielekea migombani.

Alijua nipo.

Nilisubiri mpaka hatua zake ziishe. Kwenye ngazi ya jikoni, juu ya kipande cha jani bichi la mgomba ili usichafuke, ulikuwepo ufunguo.

Sasa ninazo funguo zote mbili. Uongo niliomwambia bosi umegeuka ukweli. Kesho naweza kusema alikuwa fundi mpita njia, kitasa kikabadilishwa, nikabaki na kazi na chumba, asijue mtu. Ningepaswa kupumua.

Sipumui. Nakisikia kile kimya baada ya randa. Kaburi la Asajile liko kwake, karibu na mlango. Lakini kazi ya mikono ya mwanawe iko huku, na alikuwa anaifuata kwa njia moja tu iliyobaki, saa ambazo mimi sipo. Nimemfukuza bila kusema neno, na yeye kwa adabu yake akakubali kufukuzwa.

Gwakisa nimemwandalia chai, na viazi vitamu viwili. Akija zamu nitamwomba radhi, ingawa hajui kwa lipi.

Na kesho bosi akifika nitamwambia yote: kwamba ufunguo ulipotea nikamdanganya, kwamba huyo mzee ni nani. Anaweza kuniambia nifungashe. Nitamwomba kitasa kisibadilishwe, mzee aachwe aje Jumanne na Ijumaa, ufunguo huu urudi kwake. Sijui atasema nini.

Akikubali, Jumanne nitashuka mjini kama siku zote. Nikifika getini nitakohoa mara mbili, kwa nguvu, ili ajue njia iko wazi.