Kikombe Hushikwa kwa Mikono Miwili

Stornoway,
wiki ya tatu ya ndoa yangu

Baba mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, ingawa naiandika nimekunja uso. Goti linaendeleaje na baridi ya huko bara, Ayrshire, tangu unilete huku kisiwani? Mimi ni mzima kupita kiasi. Torquil akiingia tu, koti likinukia moshi, moyo wangu unaruka kana kwamba bado hatujaoana.

Lakini harusi sijaisahau. Kweki, kile kikombe cha fedha chenye vishikio viwili cha kupitishiana wisiki, hushikwa kwa mikono yote miwili, watu waone hukuficha kisu. Wewe ulikipokea kwa mama mkwe wangu kwa mkono mmoja, ukumbi mzima ukitazama. Ukamnong'oneza Baba Mdogo Wullie kwamba huo mwingine unalinda pochi mfukoni, maana hawa wa visiwani wameshatuibia hata neno kweki, sasa wanabeba na binti. Mkacheka. Nilikuwa nyuma yenu na shela langu.

Basi fungate yetu tumeimalizia maktaba. Usicheke! Hakuna raha kama kukaa bega kwa bega na umpendaye mkifunua kamusi moja. Neno hilo ni sisi tuliolichukua kwao, Baba. Wao kwa Kigaeli chao husema kuakh, na Torquil akilitamka linakwaruza koo kwa utamu hadi nikamwomba arudie, mkutubi akatukoholea. Nao walilipata kwenye Kilatini, kaukus, chombo cha kunywea. Wataalamu wengine wanalifikisha hadi kwa Wagiriki. Mama mkwe alipoambiwa alinuna, akauliza hao Walatini wisiki waliipata wapi. Kwa hiyo kama ni wizi, kaishitaki na Roma.

Sasa nikuambie nililokatazwa. Torquil alikusikia, kila neno. Kikombe kilipomfikia alikigeuza taratibu, akanywa pale pale midomo yako ilipogusa, kwa mikono miwili. Akaniapisha nisikuambie, usije ukaaibika. Kiapo changu cha kwanza kwa mume wangu nimekivunja kwa ajili yako, na hilo pia sikusamehei.

Mkesha wa mwaka mpya tutabisha mlangoni kwako, yeye ameshika kikombe kimejaa. Ukikipokea kwa mkono mmoja, tutageuka pale pale kurudi bandarini, na hutaniona tena.

Msalimie Mama, aoke ule mkate mweusi wa zabibu. Na lile koti lako la mifuko mirefu, siku hiyo liache kabatini.

Bado binti yako,
Elspeth, mke wa Torquil Morrison