Ile Foto ya Gazeti Yenye Mulibandika ku Ukuta

Dzaleka

Papa mupendwa,

Jambo sana. Miguu yako iko namna gani, na ile kifua ya Mama yenye inamusumbua wakati wa baridi? Mi niko na pumzi. Lakini kaa chini mbele ya kuendelea kusoma, na mutu akae karibu na Mama. Kwa simu nilishindwa. Nilijaribu mara mbili, nikauliza habari ya mvua, nikakata.

Papa, Amani amekufa. Mudogo wangu amekufa njiani, na mi njo nilimuua na foto.

Unakumbuka ile ukurasa ya gazeti yenye niliwatumia, mi nimekaa mbele ya ordinatere, ile kompyuta? Ilikuwa tangazo ya programu ya kazi: batu ba miji mbalimbali banaandika pamoja ku karatasi moja ndani ya ordinatere, bila kukutana. Nilikuwa nimepeleka koti yenye nilimushonea mukubwa wa biro moja, ofisi ya kule Lilongwe. Mupiga foto akasema uso yangu inafaa, akanivalisha ile koti. Ilikuwa kubwa, nikaibana nyuma na pini. Ordinatere haikuwaka hata. Bakanipa soda na pesa ya minibasi, nikarudi ku mashine yangu ya kushona.

Batu ba hii kambi ya wakimbizi tuko na desturi: hakuna mwenye anatuma kwao foto ya njaa. Tunaazimana viatu, tunaazimana saa, tunasimama mbele ya gari ya wengine. Mi nikatuma gazeti, nikaandika tu kama niko muzima. Nilifurahia ule uongo, sitaficha. Sikuwaza kama mutauza shamba juu ya kumutuma Amani afanye kazi na mi.

Alifika na vumbi mpaka ku kope. Batu ba ku pompe ya maji bakamuonyesha mulango wangu. Akaangalia mashine, akaangalia ndoo, akatoa ile gazeti ndani ya shati.

"Yaya, dada yangu, biro iko wapi?"

"Njo hii," nikamujibu.

Hakunitukana. Ingekuwa heri anitukane. Alikula nsima, ile bugali ya huku, akalala siku mbili, kisha akasema hawezi kurudi mikono mitupu kwa baba mwenye ameuza shamba, ataendelea Afrika ya Kusini. Nilimushika mukono, akautoa polepole. Kule mbele, yeye na wenzake bakafungiwa ndani ya kontena ya lori, hewa ikaisha. Mwenzake mwenye alipona njo alirudi kunieleza. Bamemuzika Msumbiji, upande gani sijui.

Munazani bado yuko kazini na mi, juu niliwaambia tu kama amefika. Na sasa nasikia mudogo wetu Furaha anafunga mizigo anifuate. Papa, nakupigia magoti, usimutume. Hapa haturuhusiwi kutafuta kazi inje ya kambi. Hakuna biro.

Unisalimie Mama, na shangazi Mwamini mwenye alinifundisha kushona. Muzee wa kanisa mwenye aliombea safari ya Amani, mumwambie asijilaumu.

Pasta mwenye analeta hii barua ataomba pamoja na ninyi. Ndani ya bahasha nimerudisha ile gazeti, yule mwenzake aliitoa ndani ya shati ya Amani. Muibandike tena palepale ku ukuta. Juu ya uso wangu nimeandika na kalamu ya bic, Furaha asome kila asubuhi: koti haikuwa yangu.

Mutoto wako,
Nabintu